Kipya Kinyemi

Wazee wetu walisema ya kuwa kipya kinyemi kingawa kidonda. Maneno hayo ni machache, lakini ndani yake mna hukumu nzito juu ya tabia ya mwanadamu. Hayasemi ya kuwa kitu kipya ni kizuri. Yasema ya kuwa hupendeza kwa upya wake tu, hata kama kitu chenyewe kina maumivu. Ukitaka mfano wa methali hii katika zama zetu, msomaji, huna haja ya kwenda mbali. Watazame watu wanaolala nje ya maduka katika miji mikubwa ya dunia, wakingoja simu mpya itolewe. Nia yangu katika kurasa hizi ni kuipima foleni hiyo: faida yake ni ipi, hasara yake ni ipi, na ni nani anayechukua faida hali mwingine anachukua hasara.

Haifai kulihukumu jambo kabla ya kulitenga na mengine yanayofanana nalo. Kusimama foleni si aibu. Palipo na kitu kichache na watu wengi, njia za kukigawa ni tatu: kwa nguvu, kwa upendeleo, au kwa zamu. Nguvu humpa mwenye misuli. Upendeleo humpa mwenye jamaa. Zamu humpa aliyetangulia, awe mkubwa au mdogo, tajiri au fukara. Kwa hiyo foleni ni mizani ya haki iliyotengenezwa na watu wa kawaida bila ya hakimu wala askari.

Mwezi wa Mei 2017, unga wa mahindi ulipokuwa adimu nchini Kenya, serikali ilishusha bei ya pakiti ya kilo mbili hadi shilingi 90, na watu wakapanga foleni madukani ili kuupata. Hapana aliyekuwa na haki ya kuwacheka, kwa maana walikuwa na watoto wa kulisha. Tarehe 27 Desemba 2002, Wakenya walisimama foleni ndefu wapate kuchagua serikali, na katika foleni hiyo mwenye gari na mwenye mkokoteni walikuwa na kura moja moja. Katika foleni ya kwanza watu walingoja chakula. Katika ya pili walingoja haki. Aliyeondoka katika mojawapo alikosa kitu cha thamani ambacho kwake hakikuwa na njia nyingine. Hicho ndicho kipimo changu, msomaji, nami naomba ukishike mpaka mwisho: ukitaka kujua thamani ya foleni, uliza aondokaye anakosa nini.

Sasa tukichukue kipimo hicho twende nacho Marekani, ambako desturi ya kulala nje kwa ajili ya simu ilipata sifa yake. Tarehe 9 Januari 2007, mjini San Francisco, Steve Jobs, mkuu wa kampuni ya Apple, aliuonyesha ulimwengu simu iliyoitwa iPhone. Haikuwa na vitufe vya kuandikia. Kioo chake kiliguswa kwa kidole, nacho kikatii. Iliweka simu, muziki na intaneti katika chombo kimoja cha kuenea kiganjani. Yatupasa kusema kweli: kilikuwa chombo cha ajabu, na simu nyingi zilizotengenezwa baadaye, hata na kampuni nyingine, zilifuata umbo lake. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Simkosoi fundi kwa kazi njema ya mikono yake.

Ilitangazwa ya kuwa simu hiyo ingeanza kuuzwa saa kumi na mbili jioni, Ijumaa, tarehe 29 Juni 2007. Mjini New York, katika Barabara ya Tano, kampuni hiyo ilikuwa na duka ambalo mlango wake umejengwa kwa vioo vitupu. Tangu Jumatatu ya juma lile watu walianza kuketi nje yake. Walikula pale, wakalala pale, wakapigwa picha pale na waandishi wa habari. Mjini Philadelphia hata Meya, John Street, alikwenda kuketi foleni mbele ya duka la simu kabla ya mapambazuko ya Ijumaa. Mpita njia mmoja alimwuliza awezaje kukaa pale hali mauaji yamezidi mjini. Swali lile lilikuwa kali, lakini lilikuwa swali la haki, kwa maana lilikumbusha ya kuwa saa za mtu hazijitegemei. Kila saa anayoitoa kwa jambo moja ameiondoa katika jambo lingine.

Tufanye hesabu kidogo, kwani wanafunzi hamwogopi hesabu. Simu ile iliuzwa kwa bei mbili: dola 499 kwa ile yenye nafasi ndogo ya kuhifadhia vitu, na dola 599 kwa ile yenye nafasi kubwa. Wakati ule sheria ya Marekani iliweka ujira wa chini kabisa kuwa dola 5 na senti 15 kwa saa. Mtu aliyengoja siku nne alitoa saa 96. Tumwondolee saa nane za usingizi kila siku, ingawa usingizi wa kando ya barabara si usingizi. Zinabaki saa 64. Saa 64 kwa ujira ule mdogo kabisa ni dola 329 na senti 60. Basi simu iliyoandikwa dola 599 ilimgharimu zaidi ya dola 928, ila sehemu kubwa ya gharama hiyo haikuandikwa katika risiti. Mwenye duka hakuipokea, na mnunuzi hakuihesabu. Ilipotea hewani kama moshi.

Milango ilipofunguliwa, wafanyakazi wa duka walisimama huku na huku wakawapigia makofi wanunuzi, kana kwamba ni askari waliorudi na ushindi. Walakini siku ya pili yake, mtu aliyelala kitandani mwake na kunywa chai yake kwa utulivu aliweza kuingia katika maduka mengi ya kampuni hiyo akanunua simu ile ile, kwa bei ile ile. Hapo tutumie kipimo chetu. Aliyeondoka katika foleni ile siku ya Jumatano alikosa nini? Hakukosa simu. Alikosa kuwa wa kwanza tu.

Kuwa wa kwanza nako kulikuwa na bei yake. Tarehe 5 Septemba 2007, siku 68 tangu simu ianze kuuzwa, kampuni ilishusha bei ya ile kubwa kutoka dola 599 hadi dola 399. Waliokesha wakaona ya kuwa wamelipa dola 200 zaidi ya waliochelewa. Manung'uniko yao yalikuwa makubwa hata Jobs akaandika barua ya wazi, akaahidi kila mmoja wao hati ya dola 100. Hati hiyo haikuwa fedha taslimu. Ilikuwa ya kununulia bidhaa katika maduka ya kampuni hiyo hiyo. Yaani hata fidia ilimrudisha mnunuzi mlangoni alikotoka. Methali yasema mvumilivu hula mbivu, lakini hapa ilikuwa kinyume: aliyevumilia usiku kucha nje alikula mbichi kwa bei ya mbivu, na aliyevumilia nyumbani kwake alikula mbivu kwa bei nafuu. Uvumilivu si kule kukaa mahali kwa muda mrefu. Waweza kukaa siku nne mahali pamoja nawe ni mwenye pupa.

Watetezi wa foleni hizi wana hoja mbili, na mhakiki asiyesikiliza upande wa pili ni mtukanaji tu. Hoja ya kwanza ni ya kuwa watu hawaendi pale kwa simu peke yake, bali kwa ajili ya wenzao. Wageni huzungumza, hushirikiana chakula, hulindiana nafasi. Wanao shahidi mkubwa wa hoja hiyo. Steve Wozniak ni mmoja wa waasisi wa kampuni ya Apple. Mtu kama huyo angeweza kuletewa simu mpaka nyumbani kwake. Hata hivyo usiku wa kuamkia tarehe 14 Oktoba 2011 alikesha nje ya duka la Los Gatos, jimbo la California, akawa wa kwanza katika foleni ya kungoja simu mpya. Jobs, mwenzake wa zamani, alikuwa amefariki tarehe 5 ya mwezi ule. Nani awezaye kumlaumu Wozniak? Alikuwa na furaha yake, na huenda alikuwa na huzuni yake pia.

Naikubali hoja hiyo kwa nusu. Ni kweli watu wakikaa pamoja udugu huzaliwa, na katika miji mikubwa ambako jirani hamjui jirani, udugu wa usiku mmoja si jambo la kudharauliwa. Lakini tuulize: udugu huo umefungwa kwa kamba gani? Watu walioitana kulima shamba la mgonjwa hubaki na shamba lililolimwa. Watu waliokaa matangani hubaki na mfiwa aliyefarijika. Waliokesha mbele ya duka, kila mmoja huchukua kisanduku chake akaenda zake, na kilichobaki nyuma yao ni mauzo ya duka.

Hoja ya pili ni ya kuwa mtu ni huru, na saa zake na fedha zake ni mali yake. Hoja hiyo ni nzito, wala sitaki askari wawafukuze watu foleni. Lakini uhuru wa mtu una maana pale tu atakapo jambo kwa moyo wake mwenyewe. Na moyo wa mteja ni shamba ambalo wengi hupanda. Zamani mfanyabiashara alimlipa mpiga mbiu apite mitaani akitangaza bidhaa. Leo foleni yenyewe ni mbiu. Picha ya watu mia wamelala nje ya duka hutangaza bidhaa kuliko maneno elfu ya mwuzaji, kwa sababu mtazamaji husema moyoni mwake: wangewezaje kuteseka hivi kama kitu hiki si bora? Hivyo aliyeketi pale ni mteja na mtumishi kwa pamoja. Aliitangaza bidhaa siku nne bila mshahara, kisha akalipa ili aichukue. Mpiga mbiu wa zamani alikuwa na akili zaidi, kwani yeye alilipwa.

Wala usidhani ya kuwa foleni hizi zilikuwa lazima kwa sababu ya uchache wa simu. Mwezi wa Aprili 2015, kampuni hiyo hiyo ilipoanza kuuza saa ya mkononi, iliwaelekeza wateja waagize kwa intaneti wakiwa majumbani mwao, na foleni kubwa za siku ya kwanza hazikuonekana. Basi dawa ilijulikana. Hata hivyo desturi haikufa, bali ilihamia miji mingine. Mwaka 2023 duka la kwanza la kampuni hiyo nchini India lilifunguliwa mjini Mumbai mwezi wa Aprili, na ilipofika Septemba, simu mpya ilipotolewa, foleni ilikuwa pale tayari.

Tumeona foleni ya watu walioipenda. Tuione sasa foleni ya watu waliokodiwa, kwa maana ubaya wa desturi hudhihirika zaidi ikiwafikia wanyonge. Mwezi wa Septemba 2013, katika mji wa Pasadena, California, mtu mmoja alileta makumi ya watu wasio na makazi kutoka Los Angeles wakamshikie nafasi katika foleni ya simu. Aliwaahidi dola 40 kila mmoja. Walikesha nje, jambo ambalo kwao halikuwa geni, kwani nje ndiko kulikokuwa nyumbani kwao. Asubuhi baadhi yao walilalamika ya kuwa hawakulipwa, wakamzingira kwa hasira, na polisi wakalazimika kumwondoa. Fikiri, msomaji. Katika foleni moja walikuwako waliolala barabarani kwa kupenda, na waliolala barabarani kwa sababu hawana pa kulala. Wa kwanza waliita jambo hilo sherehe. Wa pili waliliita maisha. Na ile foleni, ambayo kazi yake ya asili ni kuwalinganisha watu, ikawa chombo cha mwenye fedha kununulia zamu kwa kutumia mwili wa asiye na fedha.

Mjini Beijing mambo yalizidi. Tarehe 13 Januari 2012, katika baridi kali, umati ulikesha mbele ya duka la mtaa wa Sanlitun. Wengi wao walikuwa walanguzi au watu walioajiriwa na walanguzi ili simu zile ziuzwe tena kwa bei ya juu. Umati ulipokuwa mkubwa mno, duka halikufunguliwa. Watu wakakasirika, wakalirushia mayai, na kampuni ikasimamisha uuzaji wa simu hiyo katika maduka yake ya Beijing na Shanghai kwa muda. Hapo ile mizani ya haki niliyoisifu mwanzoni ilikuwa imevunjika kabisa. Zamu ilikuwa imekwisha kununuliwa, na nguvu ikarudi mahali pake.

Lipo jambo moja zito zaidi, nami nalitaja kwa huzuni kwa kuwa lilimpata kijana wa umri wenu. Mwaka 2011, nchini China, mvulana wa miaka 17 aliuza figo lake moja, na kwa fedha alizopata akanunua simu na kompyuta ya kubebwa mkononi. Afya yake iliharibika, na mwaka uliofuata watu waliofanya biashara ile ya haramu walifikishwa mahakamani. Yeye hakusimama foleni mbele ya duka. Lakini njia aliyoipita ni ile ile. Tofauti ni kuwa yeye aliifuata mpaka mwisho wake. Mmoja hutoa usiku wake, mwingine hutoa akiba yake, mwingine hutoa kiungo cha mwili wake. Na kitu walichokitamani wote kilikuwa kimeandikiwa kuzeeka katika muda wa mwaka mmoja, kwa maana aliyekitengeneza alikuwa tayari akitengeneza kingine cha kukitoa katika fahari yake. Upya ni bidhaa isiyowekeka. Ukiununua leo, kesho umekwisha, ingawa simu ingali nzima mfukoni.

Pengine utasema: haya ni mambo ya New York na Beijing, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu, kwa sababu tamaa haiombi pasi mpakani. Na hapa kwetu tunao mfano mwema wa kuuweka mbele ya mfano ule. Mwaka 2007, mwezi wa Machi, miezi mitatu tu kabla ya foleni ya New York, huduma ya M-Pesa ilianzishwa nchini Kenya. Iliwawezesha watu kutumiana fedha kwa simu, na simu ya bei ndogo kabisa, yenye vitufe na kioo kidogo, ilitosha. Mama wa kijijini alipokea karo ya mtoto wake kwa chombo ambacho hakuna mtu angekesha nje kwa ajili yake. Mambo mawili makubwa ya simu yalitokea mwaka mmoja. Moja lilimfanya mtu aulize, "Simu yangu ni mpya kiasi gani?" Lingine lilimfanya aulize, "Simu yangu yaweza kunifanyia nini?" Sisemi la kwanza halina faida, kwani simu za vioo zimetufikia sisi pia, na wengi wanasomea kwazo. Nasema ya kuwa swali la pili ndilo swali la mtu mwenye akili timamu.

Yako, mwanafunzi, huenda isiwe foleni ya lami na vioo. Foleni nyingine hazionekani kwa macho. Yule anayemsumbua mzazi wake kwa miezi mitatu apate simu inayofanana na ya mwenzake, hali ile aliyo nayo haina kasoro, amekwisha kuingia foleni. Yule anayeona haya kuitoa simu yake mbele ya wenzake kwa kuwa ni ya miaka iliyopita, naye amo. Mlango wanaoungojea haufunguki kamwe, kwa sababu nyuma ya kila kipya kipo kipya kingine.

Mimi sisemi usinunue simu, wala sisemi usiwahi kungoja. Maisha mema yote yamejaa kungoja: mkulima hungoja mvua, mwanafunzi hungoja mtihani, mgonjwa hungoja zamu ya daktari. Nasema upime. Kila utakapoona umesimama nyuma ya wengine, kwa miguu au kwa moyo, jiulize lile swali tulilotoka nalo mbali: nikiondoka sasa hivi, nitakosa nini? Ukiona utakosa chakula, elimu, afya au haki yako, simama imara wala usimwachie mtu nafasi yako, hata jua likuchome. Lakini ukiona utakosa kuwa wa kwanza tu, ondoka pole pole, nenda nyumbani ukalale. Kitu kile utakikuta kesho dukani, na saa zako utakuwa nazo.